Muulize Sista: Baba ana kilo 66 tu, kitambi kimetoka wapi?

Sista habari ya siku. Mimi ni msomaji wako wa hapa Kisumu, Mhindi wa Kisumu kabisa, babu ya baba yangu alifungua duka hapa wakati reli bado ni mpya na hatujawahi hama, na hii barua nimeandika mwenyewe bila kusaidiwa kwa hivyo usinirekebishe Kiswahili. Shida yangu ni baba. Ana miaka 58, urefu sentimita 168, kilo 66. Mikono myembamba, miguu kama ya korongo, lakini hapo mbele Sista, utadhani ameficha sufuria ndani ya shati. Sasa Disemba kaka yangu, na hapa naongea kaka ya Kigujarati yaani mdogo wa baba, anakaa Leicester huko Uingereza, alikuja kututembelea akamwambia baba aende apimwe sukari na mafuta ya damu juu ya hicho kitambi. Baba akaenda kliniki moja hapa tao, wakampandisha kwa mizani, wakapiga hesabu ya BMI, ile ya uzito kwa urefu, ikatoka 23, wakamwambia mzee uko sawa, shida inaanzia 25, rudi dukani. Hata tone la damu hawakutoa. Kaka akacheka sana, akasema huko kwao Mhindi anaanza kuangaliwa hapo hapo kwa 23. Baba akakasirika akauliza, kwani mwili wangu ukishuka ndege Uingereza unakuwa mwingine? Ba, yaani mama, yeye anasema kitambi ni ishara nyumba iko na amani, na vijana wanaobeba simiti hapo dukani wanamwita tajiri na yeye anafurahia. Nauliza, ni kweli sisi Wahindi tuna kipimo chetu? Hii shida ni ya wengi ama ni baba yangu tu? Na mbona inakaa kama ubaguzi? Juzi nilijipima na mimi, kilo 52, urefu 155, nikajiona mwembamba, lakini kiuno kilisoma 83 na sijui hiyo ni nzuri ama mbaya.

Binti wa Hadwea, Kisumu

SISTA: Binti yangu, Kiswahili chako kinashinda cha wengi wanaoniandikia na sitakigusa. Hiyo kaka imenikumbusha mbali, miaka yangu ya kwanza wodini nilikuwa naandika kwa faili "ameletwa na kaka yake" halafu nageuka naona huyo kaka ana mvi kichwa kizima na anamwita mgonjwa mtoto wangu. Nilichukua karibu mwaka kuelewa.

Kaka yako wa Leicester ako sawa. Baba yako naye ameuliza swali la maana kuliko yeye mwenyewe anavyojua, kwa sababu kweli mwili haubadiliki ukishuka ndege, kinachobadilika ni laini ambayo daktari wa huko amechorewa. Uingereza tangu 2013 mwongozo wao unasema mtu mwenye asili ya Asia aanze kuangaliwa BMI ikifika 23, na ikifika 27.5 ahesabiwe yuko kwa hatari kubwa. Marekani chama cha kisukari kilisema 2015 Mwasia apimwe sukari kuanzia 23. Na kabla yao wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitoa ripoti 2004 kwamba Waasia wengi wanapata kisukari na ugonjwa wa moyo wakiwa na uzito ambao Mzungu angekuwa bado anacheza mpira. Kwa hivyo ile kliniki ya tao haikudanganya hesabu, 66 ukigawa kwa urefu wa mita 1.68, halafu ugawe tena kwa 1.68, inatoka 23.4 kweli, ila walimsomea baba yako kwa jedwali la mtu mwingine. Na hata kama BMI ingekuwa 21, binadamu wa miaka 58 mwenye kitambi kama hicho unamrudisha dukani bila kumtoa damu? Hapo nimekasirika na nitabaki nimekasirika.

Hiyo BMI yenyewe ujue ilitoka wapi. Kuna Mbelgiji mmoja wa hesabu, Adolphe Quetelet, miaka ya 1830 alikuwa anatafuta umbo la mtu wa wastani, na watu aliowapima ni Wazungu wa huko kwao. Hakuwa daktari na hakuwa anatafuta ugonjwa. Sisi tukaichukua hesabu yake tukaifanya hakimu. Mizani inakwambia mzigo una kilo ngapi, haikwambii ndani ya gunia ni mahindi ama ni mchanga, na haiwezi kukwambia mzigo umekaa wapi mwilini.

Wacha nikupe kisa ambacho nilikuwa nawapa wanafunzi wangu wa uuguzi kila mwaka. Kulikuwa na madaktari wawili marafiki, mmoja Chittaranjan Yajnik wa Pune huko India, mwingine John Yudkin wa London. Wakapigwa picha wamesimama pamoja, na 2004 picha ikatoka kwenye jarida la madaktari linaitwa Lancet. BMI zao zilikuwa sawa kabisa, 22.3 kila mmoja, kwa mizani ni mapacha. Wakapimwa mafuta ya mwili kwa mashine, Yudkin akatoka na asilimia 9.1, Yajnik asilimia 21.2. Zaidi ya mara mbili! Wenyewe waliandika kwa mzaha kwamba mmoja anapenda kukimbia marathoni na mwingine zoezi lake kubwa ni kukimbilia lifti ya hospitali asubuhi kabla mlango haujafunga, lakini pia walisema mambo ya urithi bado hayajajulikana vizuri, na kukosa lishe tumboni mwa mama huenda kumechangia. Wanafunzi walikuwa wanacheka sana hiyo ya lifti, halafu nawaambia sasa kila mtu ashike tumbo lake, kicheko kinaisha.

Sasa mbona iko hivyo. Fikiria ghala la mahindi. Kuna mtu Kitale ana ghala kubwa, mavuno yakija hata gunia mia zinaingia na nyumba inabaki safi. Kuna mwingine ana kaghala kadogo, gunia kumi tu kimejaa, kwa hivyo ya kumi na moja anaweka jikoni, ya kumi na mbili chini ya kitanda, mwisho wake hata mlango haufunguki na panya wamehamia. Ghala la mwili ni yale mafuta laini chini ya ngozi, ya mapaja na makalio na mikono, hayo kusema kweli hayana vita kubwa na mtu. Wahindi wengi wamepewa ghala dogo hapo chini ya ngozi, ikijaa mapema mafuta yanaanza kuingia mahali hayafai, yanazunguka matumbo, yanaingia ndani ya ini, hata kwenye kongosho. Ini likishikwa na mafuta linaanza kumwaga sukari na mafuta kwa damu hovyo, insulini, ile homoni ya kushusha sukari, inaitwa lakini haisikizwi, na hapo ndipo kisukari na presha na mishipa ya moyo kuziba vinapoanzia. Ndio maana baba yako ana mikono myembamba na tumbo kubwa kwa wakati mmoja. Si muujiza, ghala limejaa na gunia ziko jikoni.

Mshike tumbo kama atakubali. Kama linakamatika kwa vidole linatetemeka, mengi yako juu chini ya ngozi. Kama limekaza kama ngoma, mengi yako ndani, na hiyo ya ngoma ndiyo inanitia wasiwasi.

Umeuliza kama ni baba yako tu. Hapana mama, si baba yako tu, ni wengi mpaka utachoka kuhesabu. Huko India wenyewe walifanya utafiti mkubwa, watu zaidi ya laki moja na elfu kumi na tatu, karibu mikoa yote, matokeo yakatoka 2023. Wenye unene kwa hesabu ya BMI walikuwa asilimia 28.6, na hapo walitumia 25, laini yao ambayo ni ya chini kuliko ya Wazungu. Wenye unene wa tumbo, 39.5. Angalia hiyo tofauti kati ya namba mbili, hao ni watu kama baba yako, mizani imewapitisha na kiuno kimewashika, ni angalau mtu mmoja kwa kila kumi. Na kwa wanawake ni mbaya zaidi, ule utafiti wao wa kitaifa wa afya wa 2019 hadi 2021 ulipima viuno ukapata wanawake 40 kwa mia na wanaume 12 kwa mia, na kwa wanawake wa miaka 30 mpaka 49 ni zaidi ya nusu. Sasa nitarudi kwako hapo.

Hao ni walio nyumbani. Waliohama nao? Kuna mtaa London unaitwa Southall, familia nyingi za Wahindi kutoka Kenya na Uganda zilitua huko, wengine walitoka hapa 1968 wakikimbizana na ile sheria ya Uingereza ya kufunga mlango, wengine walifukuzwa na Amin 1972. Sitashangaa kama ukoo wenu una mtu huko. Basi mwaka 1991 watafiti wakiongozwa na McKeigue walitoa matokeo ya watu zaidi ya elfu tatu wa London, umri 40 hadi 69. Wazungu wenye kisukari walikuwa asilimia 4. Wahindi, Wapakistani na wenzao, asilimia 19. Karibu mara tano. Na kilichokuwa tofauti hasa kilikuwa tumbo, BMI ziko karibu karibu lakini kiuno cha Mwasia kimetoka nje. Mimi kinachonishangaza kwa utafiti ule ni kwamba waliwagawanya, Masingasinga peke yao, Wapunjabi Wahindu peke yao, Wagujarati wasiokula nyama, Waislamu wanaokula nyama, na hali ikawa ile ile kwa wote. Watu wa jikoni tofauti na dini tofauti wanashiriki kitambi kimoja. Kwa hivyo mtu akikwambia ni samli tu, ama ni nyama tu, hajafikiria.

Mengine yanaanza kabla mtu hajazaliwa. Huyo huyo Yajnik alipima watoto wachanga wa vijiji vya karibu na Pune, wanazaliwa na kilo 2.7 hivi, wa Uingereza 3.5. Wadogo kila mahali, misuli midogo, viungo vya ndani vidogo, isipokuwa mafuta, hayo walikuwa wameyatunza. Mtoto mwembamba aliye na mafuta ndani. Ukimchukua mtoto aliyejengwa hivyo kwa ajili ya njaa, ukamweka nyuma ya kaunta kwenye kiti cha plastiki kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili, chai ya sukari saa nne, chevdo na ganthia, vile vitafunio vyenu vya kukaanga, saa kumi, halafu wali na chapati za samli saa tatu usiku na kulala, umeona vile hesabu inakwenda. Na hapo nimeelezea nusu ya maduka ya Kisumu.

Na hii ya "sisi hatuli nyama Sista, kolestro itatoka wapi" nimeisikia zaidi ya habari ya asubuhi. Ini linajua kutengeneza mafuta kutoka kwa sukari na unga mweupe bila kuona kuku hata mmoja.

Ubaguzi? Naelewa mbona unauliza, Wahindi hapa mmeitwa wageni miaka mingi mpaka 2017 serikali ndio ikawatambua kuwa kabila la 44, mtu akikuletea jedwali lako peke yako lazima ushtuke. Lakini ubaguzi ningeuona mimi kwa upande mwingine, kumpima mtu kwa laini ya Mzungu halafu kumwambia uko sawa na yeye hayuko sawa. Kuna utafiti mkubwa wa moyo, nchi 52, ulitoka 2004 na kuchambuliwa miaka iliyofuata, ukaona watu wa India, Pakistan na majirani zao wanapata shambulio la kwanza la moyo kwa umri wa wastani wa miaka 53, wengine wa dunia karibu 59. Baba yako ana 58. Sisemi kumtisha, nasema hatuna muda wa kubishana na mizani. Mimi wodini niliona wanaume wa Kihindi wa miaka arobaini na kitu, wembamba, wameshika kifua, na familia iko pale korido inasema lakini hakuwa mnene.

Haya, kipimo. Achana na mizani chukua tepu ya fundi wa nguo. Asimame wima, shati juu, apumue kawaida, na akishatoa pumzi ndio unasoma, asivute tumbo ndani, na wanaume wote huvuta, hata wazee, umwambie Sista amekataza. Tepu inapita katikati, kati ya mbavu ya mwisho na ule mfupa wa juu wa nyonga, si pale suruali inafungwa! Hii ya suruali inapotosha watu sana, mzee anakwambia mimi navaa saizi 34 tangu nioe, kumbe tumbo limekua na suruali imekuwa ikishuka chini yake pole pole, mshipi sasa unafungwa karibu na mapaja na namba ni ile ile. Kwa mwanaume wa Kihindi laini ni sentimita 90, mwanamke 80. Hizo ziliwekwa na shirikisho la kimataifa la kisukari, kwa Wachina pia ni hizo hizo. Wazungu wanaume wamepewa 94 na Marekani walikuwa wanatumia mpaka 102, ona mwenyewe umbali. Na kama huna kumbukumbu ya namba chukua kamba, pima urefu wako, ikunje katikati iwe nusu, ikizunguka kiuno na kufika uko sawa, isipofika hauko sawa. Baba yako nusu ya urefu ni 84. Hukuniandikia kiuno chake lakini ukisema sufuria najua imepita.

Sasa wewe. 155 nusu yake ni 77 na nusu, na wewe una 83, na BMI yako ni 21.6 ambayo kliniki yoyote itakupigia makofi. Wewe ni baba yako, binti yangu, ila umevaa nguo inayoficha. Usilie, una bahati ya kujua mapema. Nendeni nyinyi wawili mpimwe sukari ya asubuhi kabla ya kula, ama ile ya miezi mitatu inaitwa HbA1c, mafuta ya damu na presha. Kama ulipata sukari ukiwa na mimba ama una mpango wa kuzaa, mwambie daktari mapema.

Kuhusu kupunguza, usimwambie baba apunguze kilo, atakujibu ana 66 na atakuwa na haki. Huko Chennai, India, walichukua watu 531 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini bado si kisukari, wengi si wanene wa kutisha. Wakawagawanya, wakawafuata miaka mitatu hivi. Walioachwa na ushauri wa kawaida, 55 kwa mia walipata kisukari. Waliofundishwa kutembea nusu saa kwa siku na kubadilisha sahani, 39 kwa mia. Na hawakupungua uzito wa kuongelea! Hapo ndipo nakuambia mizani haina kazi hapa, mwili ulikuwa unajirekebisha ndani na namba haisongi. Kwa hivyo lengo la baba ni tepu, na lengo ni jioni baada ya kufunga duka atembee, aende upande wa Dunga kwa ziwa arudi, na aende na Ba. Chakula cha usiku kisogezwe mapema. Daali iwe nzito na iwe nyingi, wali uwe kidogo, chapati moja itolewe na mboga iingie mahali pake, mtindi usiotiwa sukari ni rafiki. Na misuli, hii watu husahau, misuli ndio inakula sukari ya damu na Wahindi wengi wana misuli kidogo kwa kipimo, kwa hivyo aamke kutoka kwa kile kiti abebe vitu. Sijasema simiti ya kilo 50, hiyo awaachie vijana, lakini makopo ya rangi anaweza kupanga mwenyewe.

Vijana wakimwita tajiri awaulize kama watalipa bili.

*

Sista mimi si Mhindi, mimi ni Mjaluo wa Kondele, nina miaka 41, mwenyekiti wa steji ya boda, siku hizi sipandi sana pikipiki nasimamia tu. Urefu 183, kilo 92, kiuno 101 nimepimwa na fundi. Hii mambo ya kitambi ni ya Wahindi peke yao ama nasi tumo? Mke wangu ndio amesema nikuulize.

Mwenyekiti, Kondele

SISTA: Mwenyekiti, mumo. Msalimie mama. Kwa Waafrika ile laini ya shirikisho la kisukari ni ya kuazima ya Wazungu, 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke, na wewe una 101. Kwa kamba, nusu ya urefu wako ni 91 na nusu, umepita kwa karibu sentimita kumi. Ghala lako lilikuwa kubwa kuliko la yule mzee wa hadwea, umechukua muda zaidi kulijaza, lakini umelijaza. Na kwa wanawake wetu hali si nzuri, hesabu ya kitaifa ya 2014 ilipata mmoja kwa kila watatu wa umri wa kuzaa amezidi uzito, kwa hivyo na mama naye apimwe, msimame foleni pamoja. Bia, soda ya mchana, kusimamia steji umekaa, unajua mwenyewe sihitaji kukupa orodha. Ugali si adui, mlima wa ugali ndio adui. Omena endelea nayo.

*

Habari Sista, mimi ni mpishi, napikia Wachina wa kampuni moja ya barabara huku Nakuru. Bosi wao ni mwembamba kabisa lakini ana katumbo, na yeye hujipima kila mwezi na tepu na kuandika kwa kitabu. Nikacheka akanikasirikia. Kwani huko kwao nini?

Mpishi, Nakuru

SISTA: Usimcheke, anajua anachofanya. Kwa Mchina mwanaume laini ni 90 kama ya Mhindi. Wajapani ndio walienda mbali zaidi, tangu 2008 wana sheria ya kupima watu wa miaka 40 hadi 74 viuno kila mwaka, mwanaume akifika 85 na sukari, presha ama mafuta ya damu yakiwa juu anaitwa kwa ushauri na mwajiri naye anasukumwa awafuatilie watu wake. Cha ajabu kwa wanawake waliweka 90, juu ya wanaume, mimi sijawahi kubaliana na hiyo na hata wataalamu wengine wa nje hutumia 80 kwa mwanamke wa Kijapani. Mpunguzie bosi mafuta ya kukaangia na chumvi, mwongezee mboga, atakuongeza mshahara labda.

*

Sista pole na kazi. Niko Section 58 Nakuru, ni mama wa watoto wawili, Mgujarati, kiuno 91. Nimenunua mshipi wa kubana tumbo na chai ya kupunguza kutoka kwa mtu wa Facebook, nafanya na zoezi la kuinua kichwa na mabega asubuhi mara mia. Na sukari nimeacha kabisa, sasa kwa chai natumia nguru ya miwa peke yake. Nitaona matokeo lini?

Mama Wawili, Nakuru

SISTA: Mama Wawili, mshipi unasukuma tumbo kando kama vile unasukuma maji kwa mfuko, ukiutoa yanarudi. Hiyo chai ukisoma pakiti nyingi ni dawa ya kuharisha, unapoteza maji na unafikiri ni mafuta, iache leo kabla haijakuharibia matumbo. Zoezi la mara mia linakaza misuli ya mbele na ni nzuri kwa mgongo, lakini mafuta hayachomwi pale unapokunja, mwili unatoa unapotaka wenyewe, kwa hivyo fanya mara ishirini halafu uende kutembea haraka mpaka usiweze kuimba, nusu saa, siku tano za wiki. Kiuno 91 na wewe ni Mgujarati, umepita laini kwa sentimita 11, pimwa sukari wiki hii usingoje tumbo lishuke kwanza.

Na nguru, mama. Najua inatoka kwa miwa yetu ya huku magharibi, ni ya kienyeji, ina rangi nzuri, bibi alikupa ukikohoa. Ni sukari. Ni sukari iliyobaki na rangi yake. Ukiweka vijiko viwili kwa kikombe na unakunywa vikombe vinne, hujaacha kitu.